Bawaba za Mlango wa Lifti

Kaka,

Sisi wazima, ila magoti ya mama ni yaleyale. Lifti uliyomwekea haipandi mpaka mlango ufungike kabisa, na mama hukwama nayo chini kila siku. Fundi amebadilisha bawaba mara mbili, lakini wapi. Jana nikakaa ngazini nimwangalie. Aliingia, akaushikilia mlango, akasema, "Baba watoto, ingia basi, nachoka kusimama." Anamwita baba, tuliyemzika mwezi uliopita, wewe ukiwa bado njiani.

Sasa fundi ana bawaba za springi, zinazofunga mlango zenyewe, za haraka na za polepole. Ulisema nichague mimi niliye karibu. Nimechoka kuwa karibu, kaka. Nimechagua za polepole, apate muda wa kumwita.

Nipo,
Dada yako