Jiwe Lililobandikwa Begani

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na kwanza ujue unaandikiwa na mwanaume ambaye tangu azaliwe hajaumwa hata kichwa. Uongo huo. Mwezi uliopita nililala sakafuni kwenye vipande vya vitambaa nikimwita mama yangu, na mama alikufa kabla sijaota ndevu.

Mimi ni fundi cherehani, darasa la nne sikulimaliza ila viuno vya wateja nakumbuka vyote. Kosa langu lilianzia chooni. Choo cha jengo letu kiko nyuma, ufunguo anao kinyozi, na kinyozi ukimwomba ufunguo anakupa pamoja na hadithi ya mkwe wake, basi miaka yote nikaamua maji sinywi kazini, nakunywa chai ya rangi tu, nakojoa mara moja kwa siku mkojo rangi ya chai yenyewe, halafu najisifu nina kibofu cha chuma. Siku hiyo maumivu yakanishika ubavuni, yakashuka kinenani hadi sehemu zisizotajwa gazetini, kwenda kukojoa ikatoka damu, mshauri, damu! Nikapiga ukelele kinyozi akaja bila kuombwa.

Hospitali wakanipaka mafuta ya baridi tumboni, wakatazama kwenye kioo, na daktari, binti wa kuwa mjukuu wangu, akasema, "Babu, una mawe mawili. Dogo linashuka. Kubwa bado liko kwenye figo, likiziba njia mkojo utarudi nyuma na figo itavimba. Kojolea kwenye kitambaa, dogo likitoka uniletee Jumatatu tulipime."

Likatoka, kama punje ya dengu, la kahawia, lina miiba na linameremeta. Nikaliosha, nikalihifadhi kwenye kopo la vito vya kubandika, eti lisipotee. Jumatatu nafungua kopo, halipo. Namuuliza mke wangu, ndiye anayebandika mapambo, anajibu, "Lile la kahawia? Limeniokoa, mume wangu! Ua la begani lilipungukiwa kimoja. Mteja kalisifu huyo!"

Nikakagua nguo zinazosubiri wateja. Gauni lenyewe, la kijani, la mteja wetu mmoja, mama mwenye kicheko, limeshaondoka.

Mke sijamwambia lilitoka wapi. Hospitali sijarudi, wiki ya tatu hii, maana nitamwambia nini yule binti, kwamba jiwe limekwenda kazini? Maumivu yamepungua, ila tangu jana natetemeka baridi mchana kweupe na mkojo unatoka matone, nadhani ni feni. Sasa nirudi hospitali mikono mitupu au nimtafute mteja? Yule mama nina wema wangu kwake: zipu yake ilikatika asubuhi akiwahi kazini, nikamshonea palepale amesimama, sikuangalia, au niliangalia kidogo. Kama anasoma gazeti hili, naomba aniazime bega lake dakika tano.

Fundi Kibofu cha Chuma

*

Fundi,

Barua yako nimeimalizia nimesimama. Gauni hilo ni langu. Leo nimelivaa ofisini, na wenzangu wamekigusa kile kito cha kahawia mmoja baada ya mwingine wakiuliza nimekipata wapi.

Hilo nitalicheka mwakani. Kilichonitisha umekitaja kama mtu anayetaja mawingu. Mwenye jiwe kwenye figo akitetemeka baridi, mkojo ukawa matone, huenda njia imeziba na maambukizi yanapanda. Hiyo si feni, mzee mzima! Hiyo ni hospitali sasa hivi, hata kabla ya kumalizia pindo. Nani alikuambia daktari analitaka jiwe kuliko anavyokutaka wewe? Vipimo vingine anavyo. Wiki tatu unahatarisha figo kwa kuionea aibu punje ya dengu. Ungekuwa baba yangu ningekufungia cherehani kabatini.

Mkeo mwambie leo, kabla hajabandika la pili. Ufunguo wa choo chongesha wako. Ukishatibiwa, muulize daktari unywe maji kiasi gani, kisha uyanywe, kazini na nyumbani, mpaka mkojo upauke. Nanyi wengine wenye vibofu vya chuma, mmesikia.

Barua imefika asubuhi hii, kwa hiyo sisubiri gazeti lichapwe. Gari la ofisi linanipigia honi hapo nje; jibu hili utalisomea wodini. Jiwe nimelibandua kwa kisu cha siagi, liko ndani ya kiberiti, nakuja nalo hapo kazini kwako nikupeleke hospitali. Wema wa zipu nimeulipa. Sasa wewe ndiye unadaiwa: ukipona, begani kwangu pana tundu, naomba kito kimoja, na safari hii kitoke dukani.