Sukari Ndani ya Mashine ya Kufulia

Kwako kaka yangu mpendwa,

Shikamoo kaka. Natumai wewe, wifi na watoto hamjambo, na kile kikohozi cha mdogo kimepoa. Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi haujambo kabisa.

Kilichonifanya niandike ni ile mashine ya kufulia. Imepona! Fundi uliyemtuma si alisema bodi yake ya umeme imekufa, na nyingine ya aina ile haipatikani tena? Basi nilichoka kumwona mama akikamua mashuka kwa vidole vilivyovimba. Nikasema potelea mbali, nikaichomoa kwenye umeme, nikafungua kifuniko.

Nyaya, kaka, utitiri! Nikafanya kama ninavyofanya na vipande vya gauni: kila waya nikaufunga uzi wa rangi yake, na penye tundu lake nikafunga uzi wa rangi ile ile. Uzi mwekundu uliponiishia, nikatumia wa waridi. Jirani yetu fundi redio aliniazima chuma cha kulehemu, akanionya nisiibabue bodi, kisha akashika mbavu kwa kicheko kuniona na miwani yangu ya kushonea.

Bodi niliisugua kwa spiriti na mswaki wa zamani. Chini ya uchafu nikakuta kinjia kimoja cha shaba kimelika hadi kukatika, pengo la punje ya mchele. Nikalaza kijiwaya juu yake. Mara ya kwanza risasi ya kulehemu iligoma kushika, ya pili ikanidondokea kidoleni, nikaruka. Ya tatu ikashika. Nikarudisha nyaya, nikawasha. Mashine ikajaza maji, ikayamwaga hapo hapo bila kufua. Kumbe nimepishanisha nyekundu na waridi! Nikazibadilisha, ikazunguka. Mama akapiga vigelegele, akasema sasa wifi yangu asiiguse tena.

Hapo nikautazama tena ule mswaki niliosugulia. Kaka, ule uchafu ulikuwa sukari, imeganda rangi ya chai, na sisimizi wamefia humo. Mama sukari alishakatazwa, wifi chai haigusi. Mwenye vijiko vinne ni mimi. Niliweka kikombe juu ya mashine ikiwa inakamua, kikapinduka, chai ikaingia penye vitufe. Nikafuta juu juu, nikanyamaza. Kesho yake ilipozima, mama akamshukia wifi mbele ya watoto, eti ni beseni la nguo mbichi alilolitua juu ya mashine, nami nimesimama pale pale. Nilimwona akifunga virago huku analia. Miezi saba hajakanyaga hapa, na mimi mdomo nimeufumba. Naona aibu, kaka. Naona aibu sana.

Jana nilimwambia mama yote. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliuliza lilipo lile shuka la bluu ambalo wifi aliliacha kwenye kamba. Amelifua mwenyewe, likiwa peke yake mashineni, amelikunja. Nilitaka kulituma pamoja na barua hii, akakataa. Anasema atalileta Jumamosi kwa mkono wake, magoti yapende yasipende. Nami nitakuwa nyuma yake, kama wifi atatufungulia mlango.

Msomee barua hii yote, usinipunguzie hata neno. Wasalimie watoto, na kila anayeniulizia huko.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye vijiko vinne.