Matawi Tuliyoyaondoa Njiani

Jumamosi jioni, kwenye majabali ya njia ya Sikonge

Mguu wa rafiki yangu Petro umevimba mpaka imetubidi kuichana suruali yake. Landrova imelala ubavu, na mwenzetu Kasimu amekwenda kwa miguu kutafuta msaada.

Tulikuja likizo hii kuthibitisha kwamba kupandisha gari juu ya majabali si mchezo wa Wazungu peke yao. Penye njia panda tulikuta matawi mabichi yamelazwa kukatiza njia. Tangu enzi za misafara, kila Mnyamwezi anajua maana yake: aliyetangulia anakuonya usipite.

"Tumekatazwa, bwana," Petro alisema.

Nami nikapanda juu ya boneti, nikahutubia: njia za nchi hii ni zetu, hatuzibiwi na mtu! Wakacheka, wakapiga makofi, tukayatupa matawi, tukalipandisha gari jabalini.

Jabali lilikuwa na ufa. Likameguka chini ya gurudumu, gari likapinduka na kumbana Petro mguu.

Mwanzoni alinitania: "Lihutubie na jabali sasa, mheshimiwa!"

Maji yamekwisha. Kasimu hajarudi. Ninamchokoza Petro kwa makusudi, angalau anitukane kama kawaida yake, naye ananiitikia kwa upole tu: "Ndiyo, ndugu yangu."