Omo ya Meli Yenu

Kaka Noldy,

Wakala wa bandari akikupa barua hii usimkasirikie, nimemlazimisha. Sisi wazima. Kaka, tumeweza! Mwaka mzima kompyuta yetu ya ofisini ilichanganya omo na tezi, maana kwenye picha za rada za satelaiti meli ni mstari mweupe tu, mbele na nyuma havijulikani. Leo imejua: panapong'aa zaidi ni chumba cha nahodha, na meli za mizigo kama yenu hukiweka tezini. Nilipiga kelele ofisi nzima ikacheka.

Nikaijaribu kwa meli yenu, ile uliyosema mwaka huu haipiti bandari yetu ya Bitung. Mwongo wewe! Omo imeelekea nyumbani. Tezi na omo, marejeo ngamani.

Nikamwonyesha Baba. Tangu mgombane kwenye msiba wa Mama hajalitaja jina lako. Aliitazama picha, akaisogeza karibu na macho.

"Una hakika hiyo ndiyo omo?"

"Hakika, Baba."

"Usije ukanifanya nichekwe."

Akaenda sokoni, akarudi na samaki wa moshi, yule cakalang unayempenda. Sasa amekaa mlangoni, ananiuliza tena: "Vonny, hiyo omo haijageuka?"

Dada yako,
Vonny