MAELEZO KUHUSU BUSHI ZA DISTRIBYUTA NA AJALI YA KIVUKO CHA RELI

Shahidi: mwanamume, miaka 52
Kazi: fundi injini, mkuu wa gereji iliyo nyuma ya ghala la mbao
Makazi: vyumba viwili vya uani, mtaa huohuo

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu. Sikuitwa.

Mnamo tarehe 2 mwezi huu shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alileta pikapu yake ya zamani tuifungue injini yote. Ilikuwa inakula oili na kuzima ovyo. Aliniambia, "Shemeji, ikikohoa tena nakurudishia dada yako." Tulicheka.

Kufikia tarehe 8 nilikuwa nimebadilisha ringi, beringi na gasketi. Ikabaki distribyuta, kile chombo kinachogawa moto kwenye plagi. Hiyo ni kazi ya fundi umeme wetu, tunamwita Waya. Aliweka kifuniko kipya, rota mpya na pointi mpya. Kisha akaishika shafti, ule mhimili wake wa katikati unaozunguka, kwa vidole viwili, akaitikisa mbele yangu. Ilicheza kama jino bovu.

Akasema, "Kaka, bushi zimelika. Hizi pointi mpya hazitasaidia kitu. Gari likipata joto, linazima."

Alikataa kuifunga mpaka fundi wa kukereza vyuma atuchongee bushi nyingine, zile pete zinazoishika shafti isicheze. Tuliambiwa Jumatatu.

Ijumaa tarehe 9, saa tisa alasiri, shemeji alikuja. Waya hakuwepo. Shemeji alitaka kumpeleka binti yake chuoni kesho yake, na godoro lake na sanduku. Sikumwambia habari za bushi. Niliona aibu kumwambia kazi haijaisha. Niliifunga distribyuta mwenyewe. Injini iliwaka mara moja, ikatulia vizuri, nikajiambia siku mbili si kitu.

Jumamosi tarehe 10, saa nane na dakika kumi mchana, gari lilizima juu ya kivuko cha reli. Binti ameniambia baba yake alipiga stata mara nne, kisha akamfungulia mlango akamsukuma nje. Baba mwenyewe hakuwahi kutoka kabla treni haijafika.

Saa kumi askari walifika gereji, wakauliza nani anashughulika na moto wa injini. Nikajibu, "Waya." Nilijua jibu hilo linampeleka wapi. Waya ndiyo kwanza anaingia, amezipata bushi mapema, ziko mkononi kwenye karatasi. Walipomkamata alinitazama mimi, si wao.

"Kaka, si uongee."

Niliwaacha waondoke naye.

Leo asubuhi mke wa Waya amekuja kuniomba nimtetee, eti mimi ndiye mkubwa wake kazini. Alipoondoka nilifunga gereji nikaja hapa.

Dada yangu hajui. Amenipangia nitangulie mbele kubeba jeneza kesho. Naomba aambiwe leo, aamue mwenyewe kama nije.

Nimesomewa niliyoyasema, na ndivyo ilivyokuwa.

Sahihi: (fundi injini)
Tarehe 12, saa tano na nusu asubuhi

Maelezo ya askari mwandishi: Nilimtahadharisha shahidi katikati ya maelezo kwamba anaweza kushtakiwa. Akasema niendelee kuandika. Amewekwa mahabusu. Fundi umeme ataachiwa baada ya mkuu wa kituo kusoma jalada hili. Saa sita kamili nilimpigia simu dada wa shahidi, shahidi akiwa amekaa mbele yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama nina hakika. Kisha akasema, "Asije."