Kigoda cha Mzee Athumani

Mjukuu wangu Zawadi,

Hapa Mbagala hatujambo. Kikohozi cha bibi yako kimepoa, na shangazi yako amejifungua salama, mtoto wa kike. Umeniuliza utajuaje kama umeiva kwenye uchomeleaji huko Mwanza, maana cheti bado hujapewa.

Mie nilijua enzi za Ujamaa, nikiwa mwanagenzi wa kutengeneza maboila, matangi ya chuma ya kuchemshia maji yawe mvuke, kwenye karakana moja ya Chang'ombe. Tulifundishwa huku tukilipwa, mengine tuyaache. Boila jipya likiwashwa mara ya kwanza, fundi mkuu, Mzee Athumani, alikaa mbele yake na kikombe cha chai, amelikazia macho. Mvuke ukivuja, anatupigia kelele tukimbie.

Siku ya boila nililochomelea mwenyewe, aliburuta kigoda chake hadi pale pale nilipounga. Mvuke ukapanda. Mzee akanitazama, kisha akageuza kigoda na kukaa, mgongo wake ukielekea boila. Akaonja chai yake.

"Kijana, hii haina sukari. Kalete."

Nilikwenda kuleta sukari nikiwa mwanagenzi, nikarudi fundi. Cheti kilikuja baadaye.

Babu yako anayekuombea,
Mzee Salumu