Swali la Mara ya Pili

Jumanne, 11 Januari

Nimeosha tena gari la kamati ya bunge ninaloendesha. Vumbi la mji huu halina adabu. Jioni nikampandisha mwenyekiti wetu, Mama Domitila, nyumbani kwake Kiriri. Akaniambia: waziri anangoja ripoti ya kamati ndipo aamue kama kambi ya mlimani ifungwe, watu warudi kwao. Alhamisi tunakwenda kuiona. Mama yangu yuko humo tangu wanajeshi wawahamishe watu wa kijiji chake kwa ajili ya vita. Nina furaha mpaka chakula kimenishinda.

Alhamisi, 13 Januari

Yebaba we! Kambi nzima walimchagua mama awasemee, sababu ya mvi zake. Wabunge wamesimama matopeni, wanatazama saa. Mwenyekiti akauliza mnaishi aje. Mama, mifupa mitupu, kitenge cha kuazima, akapiga makofi. "Karibuni. Tunashukuru. Tuko muzuri." Karani akaandika. Basi. Mbio garini, maana risasi zikianza barabara inafungwa.

Nilikasirika. Kabla ya kuwasha gari nilimfuata mama nikamuuliza kwa nini amesema vile. Akanicheka.

"Mutoto wangu, mugeni hapokelewi na kilio. Anakaa, anauliza mara ya pili, ndiyo unamuambia. Hawa hawakukaa."

Ijumaa, 14 Januari

Nimemweleza mwenyekiti njiani. Tulipofika Kiriri akasema wenzake wameshaitia ripoti sahihi. Nilitaka kumtupia funguo. Sikumtupia. Nina watoto.

Jumatatu, 24 Januari

Waziri kwenye redio. Kamati ya bunge imekuta watu wanashukuru, kwa hiyo kambi inabaki. Nikaizima. Mke wangu akaiwasha tena, eti labda tumesikia vibaya. Hatukusikia vibaya.

Jumanne, 1 Februari

Mama amekufa. Kuhara. Maji ya kambi. Wamemzika kabla sijafika.

Nawachukia wote. Waziri, kamati, gari hili. Hata mama na adabu zake. Mungu anisamehe, na yeye anisamehe.

Jumamosi, 5 Februari

Matanga, hapa kwetu Cibitoke. Mwenyekiti amekuja, gari ameliacha mbali. Akauliza tuko aje.

"Tunashukuru, muheshimiwa." Imenitoka yenyewe.

Akavua viatu. Akakaa kwenye mkeka, kati ya wanawake. "Fidele, uko aje?"

Basi nikamwambia. Maji yale, watoto wanaozikwa kule, mama. Mwenyekiti akalia sana.

"Desturi naijua," akasema. "Nilikuwa na haraka."

Sikumwambia si kitu. Ni kitu.

Jumatano, 23 Februari

Mwenyekiti ameturudisha kambini, kamati yote. Safari hii wabunge wamekaa chini, suti na yote. Wameuliza, wakashukuriwa, wakauliza tena. Hapo kambi ikafunguka mdomo. Karani amejaza kurasa mpaka mkono ukamuuma. Barabara ikafungwa tukiwa huko huko, na hakuna aliyenung'unika.

Mimi nilikaa karibu na kaburi la mama.

Jumatatu, 20 Machi

Kambi imefungwa. Waziri ameshindwa kuikataa ripoti ya pili. Watu wanarudi kwao, mikeka kichwani, wengine wanaimba. Sikuweza kuimba.

Nimefika nyumbani kwa mama. Paa limeanguka. Migomba bado ipo. Bibi Marita, jirani yake, alikuwa anapita na jembe.

"Uko aje, mutoto wa kwetu?"

"Nashukuru, bibi."

Akaweka jembe chini, akakaa.